Pua ya Fundi wa Chang'ombe

Chang'ombe ya wakati ule ilikuwa na mafundi wa magari kila kona, na kila mmoja alikuwa na jina lake: fundi wa breki, fundi wa umeme, fundi wa karibu na msikiti, fundi mlevi. Huyu ninayemsimulia peke yake aliitwa Fundi, bila nyongeza. Ukisema "gari nimelipeleka kwa Fundi," hakuna aliyekuuliza yupi. Habari za alikozaliwa na babu zake sitaziandika, maana hata yeye ukimuuliza alikuwa akikuambia kamuulize mama yake, na mama yake alikwisha kufa zamani. Inatosha kujua kwamba yeye alikuwa Mzaramo na mimi Mnyamwezi, yaani tulikuwa watani, na pasipo utani huo nisingekuwa na cha kusimulia.

Mtaji wake ulikuwa pua. Wengine walikuwa na spana nzuri kuliko zake na jeki zisizovuja. Yeye alinusa moshi wa gari, akakutajia ugonjwa wake kabla hujazima injini. Na kwa kuwa sipendi kumzungusha msomaji, niseme mapema kabisa: pua hiyo ndiyo aliyokuja kuipoteza, akaificha siri hiyo, na siri yenyewe nusura ituletee msiba. Lakini siwezi kuanza na hapo. Mtu niliyempenda vile sitaanza kumsimulia kwa siku zake mbaya.

Mara ya kwanza nilimpelekea gari la kiwanda cha sabuni, ambako nilikuwa dereva. Dereva wa kike enzi zile alitazamwa kama ng'ombe aliyepanda ngazi, na mie nilikuwa nimechoka kutazamwa. Gari lilikuwa likitetemeka kila niliposimama. Nikaliingiza kwenye ule uwanja wake pembeni ya nyumba yake, nikashuka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Dereva yuko wapi?"

"Mie ndiye dereva."

Akanitazama toka viatuni mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. "Kwenu wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi!" Akawageukia madereva waliokuwa wamekaa kwenye benchi. "Jamani, njooni mwone. Hawa walikujaga pwani na mizigo kichwani. Huyu kachoka, mzigo kautua kautia kwenye gari."

"Nanyi tuliwakuta mmelala kivulini mnatungoja," nikamjibu. "Naona mpaka leo hujaamka. Gari litatengenezwa, au nikuletee mto?"

Benchi zima likaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Tangu siku ile hakuwahi kuniita kwa jina langu. Niliitwa Mnyamwezi, au Mpagazi, na siku akiwa na furaha sana, Mtani.

Aliniambia niwashe injini niiache ingurume bila kukanyaga mafuta. Akazunguka nyuma ya gari, akachuchumaa, mikono ameifumbata mgongoni kama mtu anayeogopa kusingiziwa wizi. Hakusogeza uso kwenye bomba lenyewe. Alikaa pembeni kidogo, pale moshi unapoanza kupoa, akafumba macho. Nilidhani anaomba dua. Kisha akainuka, akajipangusa magoti.

"Linalishwa kupita kiasi. Choki yako, kile kilango cha hewa, imekwama, haifunguki yote."

Akafungua boneti, na choki ilikuwa imekwama.

Baadaye alinifundisha, na hilo ni jambo ambalo hakumfanyia kila mtu. Madereva wenzangu walipokuwa wakinicheka, yeye alinicheka mbele yao, halafu wakiondoka ananiita. "Fumba macho. Unasikia nini?" Ndivyo nilivyojifunza kwamba harufu ya petroli mbichi, ile inayokaa kooni na kuyawasha macho, ni ya gari linalopewa petroli nyingi kuliko hewa. Harufu kavu inayochoma matundu ya pua, kama pilipili inayokaangwa nyumba ya jirani, ni ya gari lenye njaa: hewa tele, petroli kidogo. Oili inayoungua ina harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Na gari zima, alisema, moshi wake hauna cha kukumbuka.

"Wewe umepika," aliniambia. "Wali ukianza kushika chini unajua kabla hujafunua. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, ila hapa chungu kina matairi."

Kupima kwake kulikuwa hivi. Kwenye kabureta kuna skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza petroli. Aliizungusha taratibu, anaongeza, anaongeza, huku pua iko kazini, mpaka ile harufu mbichi ianze tu kujitokeza. Hapo hapo alirudisha nyuma kidogo, akatupa bisibisi kwenye kopo. Basi. Gari lilikuwa limepona. Mafundi wengine walifungua plagi kuangalia rangi ya masizi, na yeye aliwadharau kwa hilo. "Unampasua mgonjwa hata hujamuuliza anaumwa wapi," alikuwa akisema.

Kwa ajili ya pua hiyo aliishi maisha ya masharti kuliko mganga. Hakula kitunguu kibichi kabla ya kazi. Mteja aliyejipaka manukato alisimamishwa upande wa barabara, hata awe nani. Mkewe, mwanamke wa pwani aliyependa udi kama nini, alichoma udi wake Alhamisi jioni tu, baada ya kazi, tena akiwa amefunga mlango. Sasa ajabu ni hii: mtu huyo huyo, ikishapigwa adhana ya magharibi, alikuwa anakaa barazani na kijaluba chake cha ugoro, anavuta pande zote mbili mpaka machozi yanamtoka. Nikamwambia, mtani, hiyo ni sawa na kusafisha kioo kwa kokoto. Akaniambia ugoro unaifukuza pua kazini ili ikalale. Sikuona mantiki, wala mkewe hakuiona.

Ajabu nyingine ni kwamba hakupanda magari. Aliyarekebisha tangu asubuhi mpaka jioni, lakini akienda Kariakoo alikwenda kwa baiskeli, na akienda kuzika Kisarawe alitafuta kila sababu ya kutembea. "Nayajua mno," alisema. Kwa hiyo gari lolote alilolitoa lilijaribiwa barabarani na mwenye gari, huku yeye amesimama getini ameshika kiuno, anasikiliza sauti yake likipotelea Barabara ya Pugu na sauti yake likirudi.

Hakutoa gari asilolielewa. Hili lilikuwa chanzo cha ugomvi mwingi. Miaka ile vipuri vilikuwa adimu kama sukari, na sukari yenyewe mnajua tulivyoipangia foleni. Alikata gasketi kutoka kwenye maboksi, alifunga mipira kwa nyuzi za kushonea magunia, alifanya kila hila ya kuyafufua magari. Lakini gari likiwa na kitu kisichomwelea, alilizuia. Liliwahi kuzuiwa gari letu la sabuni mpaka bosi wangu akanitishia kazi. Nikamweleza Fundi. Alinawa mikono, akapanda baiskeli mpaka kiwandani, akaingia ofisini na ovaroli lake lile, akamwambia bosi kwamba dereva hana kosa, gari halijapona, na akilitaka hivyo hivyo aje alichukue mwenyewe na aahidi mbele ya watu kwamba likiua mtu asilitaje jina la Fundi. Bosi alisubiri.

Wakubwa hawakumtisha. Enzi zile sote tulikuwa ndugu, angalau kwa maneno, naye aliyashika maneno hayo akayatumia kama spana. Mkurugenzi mmoja alikuja na gari la serikali, akataka atangulizwe mbele ya lori la mkaa. "Ndugu mkurugenzi," akamwambia kwa upole, "foleni nayo ni ya ndugu. Ndugu mkaa kakutangulia." Lakini msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali kwa wanyonge vilevile. Nilimwona akimtukana dereva mmoja wa lori, mtu mzima, kwa kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli, mpaka yule bwana akakaa chini akalia. Halafu ilipoletwa chakula kutoka ndani, alimsukumia sahani yake yote, akashinda na njaa. Kuomba radhi hakujua. Sahani ndiyo iliyoomba kwa niaba yake.

Siku aliyoipenda ni Jumapili. Baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa yamekatazwa kutembea, ili kubana petroli, na wenye magari walinung'unika. Yeye alitoa kiti nje, akakaa akiitazama barabara tupu, akivuta hewa kwa mapana. Aliniambia mwenyewe kwamba Jumapili alisikia harufu ya mihogo inayochomwa Keko, na kwamba upepo ukigeuka alisikia bahari. Nilimwonea gere. Mimi nilisikia vumbi tu.

Sasa yale mabaya. Ulikuja mwaka wa mafua makali, watu walilala vitandani wiki nzima wakitetemeka. Fundi naye alilala. Aliporudi kazini alikuwa amekonda, sauti imekwaruza, lakini alichuchumaa nyuma ya magari kama kawaida, mikono mgongoni, macho amefumba. Tulishukuru Mungu.

Kisha magari yakaanza kurudi. Gari linatoka kwake, siku chache halina nguvu, linazimika kwenye taa nyekundu, na nguo za dereva zinanuka petroli mpaka mke wake anamfukuza chumbani. Hakuna aliyemlaumu Fundi. Tulilaumu petroli. Miaka ile petroli ilibeba lawama zote: imechanganywa, imekaa sana melini, ni ya mgao, ni ya vita. Hata mimi mwenyewe, niliyefundishwa kwa mkono wake, nilisema petroli. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba nchi nzima imeharibika kuliko kuamini kwamba pua ya Fundi imeharibika.

Aliyenifumbua macho ni mkewe. Alikuja kwangu Temeke Jumapili moja mchana, kwa miguu, amejifunika khanga mbili. Nikamwamkia, nikamkaribisha, nikataka kumpikia chai. Akakataa kukaa mpaka aseme.

"Mwanangu, leo sikuja kwa dereva. Nimekuja kwa mtani wa mume wangu."

"Kuna msiba, mama?"

"Bado." Akakaa. "Mume wangu hanusi. Tangu yale mafua. Hasikii harufu ya kitu chochote."

Nikamwambia haiwezekani.

"Juzi nimebandika maziwa nikatoka kuchota maji. Yamechemka, yamemwagika, yameungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi. Nyumba nzima moshi. Yeye kakaa mgongo kwa jiko, anasikiliza redio. Narudi ananiambia, 'Mama, chai itakuwa tayari?' Mie nilisimama mlangoni nikalia."

"Umemwambia?"

"Nitamwambiaje? Mie mkewe. Nikimwambia mie, nitakuwa nimemvua nguo. Mafundi wenzake wakimwambia, atasema wanataka wateja wake. Watoto hawathubutu. Lakini wewe mtani wake. Wewe ukimtukana anacheka." Akanishika mkono. "Na si jina lake tu ninalolililia. Jana petroli imevuja pale uwanjani, imefanya dimbwi chini ya meza yake. Yeye hana habari, kabeba jiko la mkaa lina moto, anakwenda kuliweka pale pale achemshe kahawa. Nilimkimbilia nikamnyang'anya, nikajifanya nalitaka jikoni. Safari hii nimewahi. Na binti yangu kaja kujifungulia kwangu, yumo ndani na kichanga, dirisha lao linatazama gereji. Siku sipo, itakuwaje?"

Wasio na watani hudhani utani ni mzaha tu. Kwetu mtani ndiye anayeweza kuingia msibani akamcheka marehemu kwa ubahili wake, na wafiwa wakafuta machozi wakacheka. Ana ruhusa ya kusema lile ambalo ndugu akilisema linakuwa ugomvi. Lakini ruhusa hiyo ni nzito. Ukiikosea, umemwua mtu kwa kicheko. Nilimwahidi yule mama, na alipoondoka nikaketi nikajiuliza nitaanzia wapi.

Nilikwenda kwa Fundi mara mbili na gari lisilo na ubaya wowote, na mara zote mbili nilitania mambo mengine nikaondoka. Niliogopa. Nilikuwa nampenda yule mzee, na sikutaka kuwa mimi ndiye wa kumvunja.

Jumamosi iliyofuata nilikuta gari jipya machoni. Lilikuwa la baharia mmoja, jirani yao, aliyelileta melini kutoka ng'ambo, dogo, zuri, limeng'arishwa kama sinia la harusi. Baharia mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yake, uso umemshuka. Tangu lifike, alisema, lilitembea vizuri majuma machache tu, kisha likaanza kutetemeka na kuzimika. Mafundi wawili walikuwa wamelishika, wakabadilisha plagi, wakashindwa. Benchi lilikuwa limejaa madereva waliokuja kutazama gari la ng'ambo likinuswa.

Fundi akachuchumaa. Injini ilikuwa ikinguruma kwa kusuasua. Moshi wake haukuwa mweusi sana, lakini harufu! Nilikuwa nimesimama mbali naye na macho yalikuwa yananitoka machozi. Petroli mbichi tupu. Baharia alikuwa ameziba pua kwa shati. Fundi alikaa na macho yake amefumba, uso mtulivu, akivuta hewa ile.

"Lina njaa," akasema. "Halipati petroli ya kutosha. Nileteeni bisibisi."

Wale madereva wakatazamana, kisha wote wakatazama chini. Hapo nikajua kwamba si mimi na mkewe tu. Wote walikuwa wanajua, au walijua dakika ile ile. Na bisibisi ilikuwa tayari mkononi mwake.

Nikasema kwa sauti kubwa, ile ya utani. "We Mzaramo! Hiyo pua yako iko wapi? Imerudi Kisarawe kulima mihogo, imekuacha hapa peke yako?"

Wachache wakacheka, kisha wakaacha. Fundi akageuza kichwa, bado amechuchumaa.

"Unasemaje, Mpagazi?"

"Nasema gari limeshiba mpaka linatapika. Petroli inatutoa machozi sie wote, wewe umekaa kama umewekewa asumini. Pua imekufa, mtani. Imekufa tangu mafua, nawe hujatuita kuizika. Sie watani wako tunadai matanga yetu."

Baharia alizima injini. Fundi alinitazama, na nikaona uso wake ukipita mambo mengi: hasira kwanza, kisha aibu, kisha kitu kama mtu aliyetua mzigo na hajui aweke wapi mikono. Nilitaka ardhi inimeze. Kisha akasema, polepole, "Njoo hapa."

Nikaenda. Akaniashiria nichuchumae pale pale alipokuwa yeye, akamwambia baharia awashe.

"Haya. Unasikia nini?"

"Petroli mbichi. Inakaa kooni."

"Oili?"

"Hakuna."

"Macho?"

"Yanawasha."

"Inapanda au inakaa chini?"

"Inakaa chini. Nzito."

Akakubali kwa kichwa, kama daktari anayepokea majibu. Hakubisha hata kidogo. Alilala chali akajivuta chini ya gari, na baada ya muda akaniita. Kwenye bomba la moshi, karibu na injini, palikuwa na kidude kilichofungwa kama plagi, kina waya unaokwenda mbele. Hakuna kati yetu aliyewahi kukiona. Akamuuliza baharia.

"Aliyeniuzia aliniambia hicho kinaonja moshi," baharia akasema. "Kinaipelekea injini habari, iongezewe petroli au ipunguziwe. Akaniambia pia nisitie petroli yenye madini ya risasi." Akainua mabega. "Sasa hapa ipo nyingine?"

Hapakuwa na nyingine. Petroli yetu yote ilikuwa na risasi, na hakuna aliyekuwa akifikiria habari hiyo. Siku hizi mafundi wadogo wanakiita kidude hicho sensa ya oksijeni na wanakibadilisha huku wakipiga soga. Wakati ule Fundi alikifungua kwa spana, akakigeuza kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa imefunikwa na ukoko wa kijivu unaong'aa kidogo. Akaukwangua kwa ukucha.

"Risasi imekiziba," akasema. Kisha akakigeuzageuza kiganjani, na aliposema tena hakuwa akisema na baharia. "Hakisikii kitu. Na kwa kuwa hakisikii petroli, kinadhani hakuna petroli. Kinaiambia injini, ongeza. Injini inaongeza. Bado hakisikii. Kinasema, ongeza tena."

Akainua macho akanitazama. "Ndivyo nilivyofanya mie, Mtani. Magari yote yale. Nazungusha skrubu nangoja ile harufu ije ndipo nirudishe. Haiji. Naongeza. Haiji." Akalitazama benchi lote. "Nimewalisheni petroli ambayo nchi nzima inaikosa."

Nilikuwa nalia, na safari hii haikuwa petroli.

Tulilitengeneza pamoja. Kidude alikitoa, tundu lake akaliziba kwa bolti. Waya akauchomoa, akaziba mrija mwembamba uliokuwa ukipeleka amri zake kwenye kabureta, ili kabureta irudi kusikiliza mkono wa mtu. Kisha akasimama mbele na bisibisi, mimi nimechuchumaa nyuma, mikono mgongoni. Alipunguza, nikasema bado. Akapunguza, bado. Mtetemeko ukaanza kutulia. Akapunguza mpaka nikapiga kelele kwamba sasa inachoma, ni pilipili. Akarudisha taratibu mno. Ikafika mahali nilivuta hewa na sikupata cha kusema.

"Sasa?" akauliza.

"Hakuna cha kukumbuka."

Akaitupa bisibisi kwenye kopo. Baharia aliondoka na gari lake, na Fundi alisimama getini akalisikiliza likienda na likirudi.

Kisha akanawa mikono, akawageukia waliokuwepo, akasema kwa sauti ile ile aliyoitumia kuwafokea watu. "Mie pua sina. Kila mtu aliyechukua gari kwangu tangu mafua alirudishe, nitalipima upya. Na kuanzia leo mwenye gari atachuchumaa mwenyewe anuse, mie nitamuuliza maswali. Asiyetaka, mafundi wapo wengi." Akaliinua jiko la mkaa lililokuwa karibu na meza, akalibeba yeye mwenyewe, akazunguka nalo mpaka upande wa pili wa nyumba, akaliweka huko. Aliporudi hakuna aliyekuwa ameondoka kwenye benchi.

Watu walikuwa wakinong'ona kwamba Fundi amekwisha. Nami nawaambia siku ile ndiyo niliyomheshimu kuliko zote. Nimeshaona wakubwa wengi maishani, lakini wa kusimama mbele ya wateja wake akataja udhaifu wake kwa kinywa chake, nimemwona huyo mmoja.

Benchi lilipokwisha kutawanyika nikaaga. Akaniita nikiwa nimeshafika getini.

"Mtani. Ingia ndani kwa mama. Mwambie akupe mjukuu wangu umbebe kidogo. Halafu urudi."

Sikumwelewa, lakini niliingia. Mkewe alinitazama usoni, akaelewa, akanikumbatia. Binti yao akanipa kichanga, nikakibeba, nikakiinamia, na hapo ndipo nilipojua nimetumwa nini. Niliporudi nje peke yangu alikuwa amekaa juu ya tairi, ameinamisha kichwa.

"Haya," akasema. "Ananukaje?"

"Kama watoto wanavyonuka, Fundi."

"Usinijibu kama mteja. Kichwani?"

"Kichwani mafuta ya nazi. Chini ya mafuta, pale utosini, kama mkate wa kumimina ungali wa moto."

"Shingoni?"

"Maziwa yaliyochacha kidogo. Kwenye mikunjo hawajamfuta vizuri, mwambie binti yako."

"Viganja?"

"Viganja amevifumba. Nimemfumbua kimoja. Kuna nyuzi za khanga na jasho."

"Na pumzi yake?"

"Pumzi haina harufu. Ina joto tu."

Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya nyuma ya magari. Nilidhani amemaliza, nikageuka niondoke. Akanishika ukingo wa khanga.

"Anza tena," akasema. "Anza na kichwani. Taratibu."

Nikakaa chini, nikaanza tena.